Uume kupinda na kuuma usiku (ugonjwa wa Peyronie): nimefika mwezi wa tano wa kuumwa, naomba tuzungumze

MwalimuRau | 9 Julai, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Nina miaka 51, mwalimu wa hesabu sekondari, nakaa Rau hapa Moshi. Nina mke na watoto watatu. Kisukari ninacho mwaka wa sita sasa, natumia vidonge. Ninaloandika hapa hata ndugu yangu wa tumbo moja sijamwambia, kwa hiyo atakayesoma naomba asome kwa utulivu.

Mwezi wa pili mwaka huu niliamka alfajiri kwa maumivu. Uume ulikuwa umesimama kama ilivyo kawaida ya alfajiri, ila kwa juu, karibu na katikati, palikuwa panauma kama jipu linaloiva. Ulipolala, maumivu yakaondoka. Nikadhani nimelalia vibaya. Kesho yake tena, na keshokutwa. Baada ya wiki mbili nilipopapasa nikakuta kitu kigumu chini ya ngozi, saizi ya punje ya hindi. Kufika mwezi wa tatu ukisimama unapinda kuelekea juu, na mimi najijua, sikuzaliwa hivyo.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya. Niliulizwa maswali mawili, sikupimwa chochote, nikachomwa sindano, nikapewa doksi, dawa ya kuua bakteria, na kuambiwa nimlete mama watoto atibiwe naye. Yaani niliandikiwa ugonjwa wa zinaa. Wiki tatu baadaye nilirudi na maumivu yaleyale, nikapewa dozi ileile. Hapo ndipo nyumbani kulipoharibika. Mke wangu hakugomba. Alinyamaza. Siku nne alinipakulia chakula, akaweka mezani, akaenda kukaa jikoni. Miaka 22 ya ndoa, na mimi sikuwa na la kumjibu kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui naumwa nini. Yale maumivu ya kukaa naye chumba kimoja bila neno yalikuwa makali kuliko ya mwili, na hilo nalisema bila kuongeza chumvi.

Katikati hapo nilijaribu dawa ya kupaka ya mitishamba. Ngozi ilibabuka wiki nzima. Naliacha hilo.

Mwezi wa tano nikaelekezwa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Huyu alinikalisha. Alipapasa pale pagumu, akauliza kuhusu sukari, kisha akaomba aone viganja vyangu. Nikashangaa. Akaniambia baadhi ya wenye ugonjwa huu huota makovu kama hayo viganjani pia, hata vidole vikajikunja. Vyangu ni vizima. Akasema: huu si ugonjwa wa zinaa, si saratani, na huwezi kumwambukiza mkeo. Nilimwomba kitu kimoja tu, ayarudie maneno hayo mke wangu akiwepo. Akakubali. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje, nikamwita, daktari akarudia neno kwa neno. Tulirudi Rau kwa miguu, hatukupanda gari, na njiani ndipo aliponishika mkono.

Sasa ugonjwa wenyewe kama nilivyoelezwa. Ndani ya uume kuna mirija miwili mfano wa sifongo, ndiyo inayojaa damu ukasimama. Mirija hiyo imevikwa ala, yaani utando imara unaonyumbulika. Ala ikichubuka, na mara nyingi mtu hajui hata ilichubuka lini, kwa baadhi yetu kidonda hakiponi sawasawa. Kovu linajijenga na kuendelea kujijenga. Kovu halitanuki. Upande wenye kovu unabaki mfupi huku upande wa pili ukijaa damu na kutanuka, basi uume unapinda kuelekea lilipo kovu. Jina limetokana na François Gigot de la Peyronie, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Kwa hiyo hatuko wa kwanza.

Ugonjwa una vipindi viwili. Cha kwanza mimi nakiita cha kovu bichi: ndani kuna moto, panauma, na pembe inabadilika wiki hadi wiki. Mara nyingi huchukua miezi 6 hadi 12, wengine hufika 18. Cha pili ni cha kovu lililokomaa: maumivu yanakwisha, pembe inasimama pale ilipofikia. Mimi bado niko kwenye kovu bichi, na ndilo ninalotaka tulizungumze. Mambo ya kunyoosha baadaye.

Shida yangu ni usiku. Mchana nafundisha, nasahihisha, sikumbuki. Lakini mwanaume mzima husimamisha mara kadhaa usingizini, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo zaidi. Kila mara naamka. Saa saba, saa tisa, saa kumi na nusu. Nimeweka daftari, naandika saa niliyoamka na ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10. Mwezi wa sita wastani wangu ulikuwa kuamka mara tatu, ukali 6.

Yanayonisaidia mpaka sasa:

Ibuprofeni mg 400 nikishakula chakula cha usiku. Daktari hakunipa hivihivi. Kwa kuwa nina sukari alipima kwanza figo. Wiki mbili za mwanzo nilimeza mara tatu kwa siku, sasa usiku tu, na siku nyingine naruka.

Kukojoa kabla ya kulala, na kutokunywa chai nyingi jioni. Kibofu kikijaa naamka nimesimama vibaya zaidi.

Maumivu yakiniamsha siendelei kulala pale nikingoja. Nainuka, nakwenda kukojoa, natembea sebuleni pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Dakika tano hivi uume unalala. Yakizidi nachukua kitambaa kilicholowekwa maji baridi, nakikunja juu ya nguo, si moja kwa moja kwenye ngozi, dakika kumi basi.

Nalala kiubavu, mto katikati ya magoti. Kifudifudi nimeacha kabisa.

Na jambo ambalo daktari alilisisitiza: usijaribu kuzuia kusimama. Ile misuli inahitaji damu. Linda, usizuie.

Wenzangu mliopita hapa, usiku mliupitishaje? Maumivu yaliisha ghafla au kidogo kidogo?

Mangi_Mdogo | 9 Julai, saa 4:52 usiku

Pole sana mwalimu. Usinichukulie vibaya, lakini wazee wetu jambo hili wanalo jina, wanaita chango. Na kama uliwahi kupita kwa mke wa mtu, ujue kuna tego. Nina mzee namfahamu upande wa Machame anaondoa. Nasema kwa nia njema.

MwalimuRau | 9 Julai, saa 5:15 usiku

Mangi, najua unasema kwa nia njema na sijakasirika. Ila nikujibu kwa sababu wapo watakaosoma wakiwa na hofu hiyohiyo. Sijapita kwa mke wa mtu. Na hata angekuwepo aliyepita, kovu hili linaonekana kwenye ultrasaundi, linapimwa kwa milimita, na linawapata wazee wa Ulaya ambao neno tego hawajawahi kulisikia. Ninachokiogopa ni mtu kuambiwa ana tego, akaficha mwaka mzima, akapakwa na kuchuliwa, huku ala inazidi kuumia. Neno hilo moja lingeweza kunivunjia nyumba.

Mfamasia_Sakina | 10 Julai, saa 1:30 asubuhi

Mwalimu, asante kwa kufungua mlango. Niko duka la dawa hapa Arusha, na wanaume wanaokuja wakinong'ona "dawa ya maumivu ya huko chini" ni wengi kuliko mnavyodhani. Naongeza kwenye upande wa dawa kwa sababu naona watu watakimbilia ibuprofeni yako.

Ibuprofeni na diklofenaki ni ukoo mmoja. Usizimeze pamoja ukadhani unaongeza nguvu. Unachoongeza ni hatari ya vidonda vya tumbo na mzigo kwa figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, anayetumia dawa za presha au za kuyeyusha damu, aongee na daktari kwanza. Mwalimu kapimwa figo, nawe pima. Dawa hizi huliwa baada ya chakula, na haziwi chakula cha kila siku kwa miezi. Asiyeziweza anaweza kutumia parasetamoli, kwa mtu mzima mwenye ini zima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya mg 500. Na mjue, dawa ya mchanganyiko mliyonunua kwa ajili ya mafua nayo huwa ina parasetamoli ndani. Hesabuni yote.

Halafu hizi nyingine mnazouziwa. Mwongozo wa mwaka 2015 wa chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani unasema wazi vitamini E isitolewe kwa ugonjwa huu, wala tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti), wala mafuta ya omega-3. Si kwamba zote ni sumu. Hazifanyi kazi iliyoahidiwa, na fedha inakwenda. Mwongozo huohuo unakubali dawa za ukoo wa ibuprofeni kwa maumivu ya kipindi hiki. Unakubali pia mawimbi ya mshtuko, ndugu wa yale yanayovunja mawe ya figo, lakini kwa maumivu tu. Hayanyooshi. Atakayekuuzia mawimbi kwa ahadi ya kunyoosha anakudanganya.

Dawa za nguvu za kiume: wapo madaktari wanaompa mgonjwa tadalafili kidogo kila siku. Hiyo ni kazi ya daktari. Mwenye dawa za moyo aina ya naitreti akichanganya na hizo anaweza kuanguka presha akafa. Msinunue za kufungwa kwenye karatasi.

Kuhusu swali lako la mwisho, nina habari njema. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2006, waliwafuatilia wanaume 246 ambao hawakutibiwa. Waliokuwa na maumivu, karibu tisa katika kila kumi yaliwaisha kabisa. Kupinda ndiko kulikogoma: asilimia 12 ndio waliopata nafuu, 40 walibaki palepale, 48 waliongezeka. Kwa hiyo maumivu yana mwisho. Pembe ni habari ya pili.

Seremala_Pasua | 10 Julai, saa 7:05 mchana

Dada mfamasia ubarikiwe. Mimi ni mwezi wa nane. Nilidhani ni mimi peke yangu Moshi nzima.

Naomba kuuliza, je maji ya chemchemi ya Chemka yanasaidia? Nimekuwa nikienda Jumapili kukaa mle majini, naona kama napata nafuu siku hiyo.

MwalimuRau | 10 Julai, saa 2:20 usiku

Seremala, swali lako limenigusa kwa sababu huyo Peyronie mwenyewe, 1743, aliwashauri wagonjwa wake maji ya chemchemi za Barèges kule Ufaransa. Miaka karibu mia tatu, na sisi tunakwenda Chemka. Nilimuuliza daktari. Alisema kukaa majini kunalegeza mwili na akili, na mwili uliolegea hausikii maumivu sana, ila kovu haliyeyuki kwa maji. Nenda, ogelea, rudi. Usiache kliniki tu.

Toyo_Kijenge | 10 Julai, saa 3:48 usiku

Samahani wazee, mimi ni kijana wa miaka 29, naendesha toyo hapa Arusha. Nimesoma uzi wote. Jana usiku nikiwa na mchumba wangu nilisikia mlio, kama njiti ya muwa ikivunjwa, uume ukalala palepale, maumivu makali. Leo umevimba na kuwa wa zambarau. Ina maana nimeanza Peyronie? Nianze hiyo ibuprofeni?

Mfamasia_Sakina | 10 Julai, saa 3:53 usiku

HAPANA kaka. Hiyo si Peyronie. Mlio, kulala ghafla, kuvimba na kuvia damu maana yake ile ala imepasuka. Ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali kubwa SASA HIVI, usisubiri asubuhi, usiendeshe mwenyewe. Ukifika sema hivyohivyo, mlio na kuvimba, usiseme "naumwa tumbo la chini" kwa aibu. Ukiona damu kwenye mkojo au mkojo hautoki, waambie.

MwalimuRau | 10 Julai, saa 3:55 usiku

Mwanangu, amka uende. Mwambie mchumba akusindikize. Ukifika tuandikie neno moja tu.

Toyo_Kijenge | 10 Julai, saa 5:31 usiku

Nimefika.

Babu_Kibosho | 11 Julai, saa 12:15 asubuhi

Nimeamka nikakuta huyo kijana kaenda, Mungu ni mwema.

Wanangu, mimi nina miaka 73. Yalinipata 2009. Wakati ule sikuwa na simu ya kusoma mambo haya, nilikuwa na migomba yangu na giza. Nilikaa miezi saba bila kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Nililala chumba cha wageni nikimwambia nakoroma. Yeye alidhani nimepata mwingine, mimi nilidhani si mwanaume tena. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, na mimi niliuficha mpaka ukaniadhibu.

Mwalimu unauliza yaliishaje. Kwangu hayakuisha siku moja. Kwanza yaliacha kuniamsha usiku mzima, yakabaki ya alfajiri tu. Kisha yakawa siku moja moja. Kisha yakawa kama ukumbusho, pakiguswa tu. Ilichukua kama mwaka na kidogo. Kosa langu kubwa lilikuwa kuunyoosha kwa mkono. Kila ulipokuwa unasimama nauvuta kinyume, nikidhani ni kama mche wa kahawa uliopinda unaoweza kuufungia mti. Kila nilipofanya hivyo nafuu ilirudi nyuma wiki mbili. Msifanye.

Baadaye, kovu lilipokomaa na pembe ikakaa palepale muda mrefu, nilifanyiwa upasuaji. Walipunguza upande ule mrefu kwa kushona, ukalingana na mfupi. Ulipungua urefu kidogo, walinieleza kabla na nilikubali. Lakini daktari alikataa kata kata kunigusa wakati bado panauma. Alisema huwezi kupaua nyumba ambayo ukuta bado unakauka.

Mama_Ngaramtoni | 11 Julai, saa 3:00 asubuhi

Shikamoo babu. Wakaka habari zenu. Mimi ni mke, mume wangu ndiye anaumwa, na ndiye aliyenipa simu nisome. Niongee upande wetu maana naona hakuna aliyeuongea.

Mume wangu alipoanza kunikwepa nililia peke yangu miezi miwili. Nilijitazama mwilini nikatafuta kasoro. Nilibadilisha manukato. Nilimuuliza dada yake kama kuna mtu. Siku aliponiambia naumwa, uume unauma, unapinda, naogopa, nilishukuru Mungu. Nyie wanaume hamjui kwamba sisi tukinyimwa maneno tunajitungia yetu, na ya kwetu ni mabaya kuliko ugonjwa wowote.

Sasa tumekubaliana hivi, na nawaambia kwa sababu daktari mwenyewe alitupa ruhusa ya kuendelea isipokuwa panapouma. Mimi sikai juu. Hapo ndipo uume unapopindwa kwa uzito wa mtu. Tunalala kiubavu, taratibu, na kilainishi cha maji. Akisema "hapo" naacha, bila kununa. Siku nyingine hatufanyi chochote, tunalala tumekumbatiana basi, na hiyo pia ni ndoa. Alipoacha kuogopa kwamba nitamwomba asichoweza, hata kuamka usiku kumepungua. Wanaofahamu mambo ya mwili watanieleza ni kwa nini, mimi nimeliona kwa macho.

Jambo lingine. Mume wangu alianza kusema maneno ya "bora nisingekuwepo". Nilimrudisha kwa daktari nikayarudia maneno hayo mbele yake. Alipelekwa kwa wataalamu wa akili, anazungumza nao kila mwezi. Mkisikia maneno hayo kwa mumeo au kwenye kichwa chako, usiyafunike.

Seremala_Pasua | 11 Julai, saa 6:40 mchana

Mama Ngaramtoni, maneno hayo ya mwisho nami nimekuwa nayo. Sijawahi kuyaandika mahali. Leo jioni naongea na mke wangu.

MwalimuRau | 11 Julai, saa 7:02 mchana

Seremala, nimekutumia namba yangu inboksi. Ongea na mama leo kama ulivyosema, kisha nipigie hata kama ni saa nane usiku. Mimi huwa niko macho.

Seremala_Pasua | 12 Julai, saa 12:50 asubuhi

Nimeongea naye. Tumelia wote. Jumatatu tunakwenda hospitali pamoja.

MwalimuRau | 3 Septemba, saa 3:30 usiku

Wakuu narudi na taarifa. Huu ni mwezi wa saba wa kuumwa. Baridi ya Juni na Julai imepita na sijui kama ni hiyo, ila usiku umeanza kulegea. Daftari la Agosti linasema naamka mara moja au mbili, ukali 4. Ibuprofeni Agosti nzima nimemeza siku tisa.

Kuna waliouliza inboksi napimaje pembe. Nina kisanduku changu cha vifaa vya hesabu, nikachukua kipimapembe. Daktari aliomba picha ukiwa umesimama, kwa juu na kwa ubavu, ili asitegemee maelezo. Nilizipiga mara moja kwa mwezi, zimefungwa kwa namba ya siri, anazitazama yeye na mke wangu basi. Mei ilikuwa digrii 20, Julai 25, sasa 35. Inaniuma kuandika hiyo 35. Maumivu yanashuka, pembe inapanda. Mfamasia alisema na imekuwa. Nilimuuliza daktari kuhusu vifaa vya kuvuta, vile vinavyovaliwa kwa dakika au saa kadhaa kila siku. Amesema vipo vyenye ushahidi, lakini kwa mgonjwa wa sukari mwenye ganzi havivaliwi bila kuangaliwa, ngozi inaweza kuumia usijue. Tutapima kwanza hisia. Aliniambia pia kuhusu sindano ya kimeng'enya cha kuyeyusha kovu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Ni ya kovu lililokomaa na pembe kuanzia digrii 30. Kwa sasa kazi yangu ni moja, kuvuka.

Sukari nimeibana. Naandika kipimo cha asubuhi kwenye daftari hilohilo, safu ya pili.

Toyo_Kijenge | 5 Septemba, saa 2:10 usiku

Wazee shikamooni. Walinipasua usiku uleule, wakashona ala. Daktari alisema ningelala nyumbani siku mbili zaidi ningebaki na kovu baya zaidi. Nilikaa wiki sita bila tendo. Kuna kamstari kagumu pale waliposhona na kanauma kidogo alfajiri, wananifuatilia wasije wakaniacha nikaingia huko mlikoingia ninyi. Mchumba wangu alikaa wodini kila jioni. Dada mfamasia, ile herufi kubwa "SASA HIVI" ndiyo iliyoniinua.

Babu_Kibosho | 6 Septemba, saa 12:05 asubuhi

Marahaba mwanangu. Kamstari hako usikachue.

MwalimuRau | 4 Januari, saa 2:45 usiku

Heri ya mwaka mpya. Tulipanda mlimani kwetu Krismasi kama Wachagga wengine wote, nyumba imejaa, nikalala chumba kimoja na kaka yangu. Usiku wa tatu nikagundua sijaamka. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho ni lini, sikuweza. Nilitaka kulisherehekea na sikuwa nimemwambia mtu pale, basi asubuhi nikamwambia kaka. Yote. Akaketi kwenye kigoda muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hicho kigumu kinakuwaje ukikigusa?" Nimempeleka kliniki jana. Anacho tangu mwaka juzi.

Daktari amenipima. Pembe ni 35, kama Novemba, kama Oktoba. Pakibonyezwa hapaumi. Anataka miezi mitatu mingine ya utulivu kabla ya kuzungumza lolote la kunyoosha, na mke wangu na mimi bado hatujaamua kama tunalihitaji. Kwa kiubavu tunaweza. Daftari lina kurasa za Desemba ambazo sikuandika kitu, sasa mama watoto anaandikia humo hesabu za maziwa.

Mgeni uliyeandika inboksi jana, wa wiki ya tatu, unayeamka saa tisa na kuogopa kulala tena: kapime figo ndipo uanze dawa, usiuchue, usiuvute, na kesho mwambie mkeo kabla hajajitungia yake. Leo usiku ukiamka andika hapahapa, Seremala na mimi tunapokezana kusoma.